Sema Bungoma

Juba, Oktoba 2009

Kwa Mama yangu,

Naomba barua hii ikukute umeketi, kwa maana ni ndefu na najua goti lako. Linaendeleaje hilo goti? Na yule ng'ombe mwekundu wa Mjomba aliyekuwa akikataa kushika mimba, ameshika au bado anawachezea? Mimi ni mzima. Malaria ilinitembelea mwezi wa nane ikanipunguza kidogo, lakini imeondoka na nyama zimeanza kurudi. Ukiona nimekonda kwenye picha niliyotia humu, jua ni jua la Juba, si njaa.

Kuna mambo mawili nikueleze kabla sijaenda mbali. La kwanza, nimeandika kwa Kiswahili na si kwa lugha yetu. Usidhani Juba imenifundisha maringo. Mdogo wangu Kamau yuko bwenini mpaka shule zifungwe, na Mama Zaituni wa hapo plotini hawezi kusoma Kikuyu hata ukimlipa kwa nyama. Kwa hiyo nimemwomba huyu kijana wa lori aliyekuletea bahasha akusomee. La pili, ameniahidi kwamba atasoma kila neno, hata yale atakayotamani kuyaruka. Ukimsikia amekohoa sana au amenyamaza katikati ya mstari, mwambie aendelee. Mpe kiti, Mama. Kutoka Lokichoggio mpaka hapo Kitale amekalia magunia matupu.

Kazi ni ile ile. Hoteli yetu ni makontena yaliyopangwa karibu na mto, kila kontena limekatwa dirisha na kutiwa kitanda, na wageni wanalala humo wakijiona wako nyumba ya maana. Asubuhi niko mapokezi, mchana wakizidi niko jikoni. Joto la hapa halina adabu. Saa nne asubuhi mabati yameshaanza kulia, na maji ya bomba yanatoka moto kama ya kuoshea sufuria. Nakumbuka baridi ya kwetu, ile ya Julai ya kuvaa sweta mbili, na siamini kwamba kuna siku niliilalamikia.

Kinachonisumbua zaidi ni ulimi. Watu wa hapa wana Kiarabu chao, na mimi nakiokota kidogo kidogo. Wiki yangu ya kwanza mzee mmoja aliingia, akaketi, akaniambia, "Moya." Nikamletea sahani moja ya maharagwe. Akasema tena, "Moya," nikamwonyesha kwamba ndiyo hiyo, moja. Kumbe anaomba maji. Jikoni walicheka mpaka mpishi akakaa chini, na hadi leo Achol, msichana tunayepika naye, akitaka kunichokoza huniita Moja. Nikikosea neno ananisahihisha mbele ya wageni, polepole, kama anayemfundisha mtoto mchanga kula uji.

Mama, nilicheka nao, lakini iliniuma. Na ilipouma ndipo nikajua kwamba kuna jambo ninalodaiwa kukuambia karibu miaka miwili sasa. Sikuweza kwa simu. Kwenye simu wewe hupiga kelele kana kwamba unaniita kutoka ng'ambo ya shamba, halafu salio linaisha. Kwa hiyo nimelileta hapa kwenye karatasi.

Unakumbuka darasa letu? Tulipoingia kidato cha kwanza, kule nje ya Endebess, tulikuwa arobaini na watatu kwenye chumba kimoja cha mabati. Tulikuwa Wabukusu, Wasabaot, sisi Wakikuyu wa madukani, na Waturkana wawili ambao baba zao walikuwa askari. Hakuna aliyejali. Tulichojali ni nani ana kalamu ya ziada, na nani sauti yake imevunjika akiwa anasoma kwa sauti mbele ya wasichana. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili, na Mwalimu Barasa akanifanya kiranja wa lugha. Nilipewa ile diski, kibao cha mbao chenye kamba, ambacho mtu akisikika anaongea lugha ya nyumbani anavikwa shingoni mpaka amkamate mwingine. Nilikibeba hicho kibao kwa fahari kama chifu na kofia yake.

Halafu ikaja siku ya wazazi. Ulisimama, Mama, na kitambaa chako cha kanisani, ukasema wapishi waongezewe mahindi, kwa sababu "mtoto akirara njaa hatasoma." Darasa zima likacheka. Walirudia "akirara, akirara" mpaka ulipoketi. Wewe ulicheka pia, ukadhani wamefurahia hoja. Mimi nilitamani kuingia chini ya dawati. Nakuomba radhi kwa aibu hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa mjinga.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa kijana mrefu kutoka Naitiri, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake karibu na shule, jina lake Simiyu. Nilimpenda papo hapo kwa kutocheka, nikadhani ana heshima kuliko wengine. Kesho yake nikamwuliza kwa nini hakucheka. Akaniuliza, "Kwani kulikuwa na kosa kani?" Hakuwa amesikia kosa lolote, Mama. Yeye mwenyewe anasema hivyo hivyo. R na L kwake ni ndugu wanaovaliana nguo. Na zaidi ya hapo ana ule ulimi wa Wabukusu wa kukausha herufi: gari ni kari, baiskeli ni paiskeli, na kwao ni Pungoma.

Mwalimu Barasa akanikabidhi nimnyooshe. Miaka miwili, Mama, kila Jumatano baada ya michezo. Nilimsomesha kwa sauti, nikamkatiza, nikamwandikia makosa yake kwa kalamu nyekundu kwenye daftari, safu kwa safu. Sema lakini. Sema shangazi. Sema Bungoma. Wengine wakipita dirishani walimwiga. Yeye alivumilia, anacheka na meno yote, na wiki inayofuata anarudi na makosa yale yale, amejaa tele. Nilidhani namsaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa namnyoosha yeye ili nisiisikie tena sauti yako ikichekwa.

Tulipokuwa kidato cha pili vita vya huko juu Mlima Elgon vikaanza. Wewe unakumbuka helikopta na moshi. Mimi nakumbuka madawati. Watoto waliteremka kutoka juu na nguo walizovaa tu, na darasa letu likawapokea saba, tukawa tunakaa wanne kwenye dawati la wawili. Aliyeketi nami aliitwa Chemutai. Alikuja bila daftari hata moja, kwa hiyo tukagawana: mimi nikamnakilia Kiswahili, Simiyu hesabu, mwingine historia, mpaka akawa na vitabu vyote, kila kimoja kwa mwandiko wa mtu mwingine. Alisema akisoma anatusikia sote kichwani. Tulikua hivyo, Mama. Wavulana walikuwa wakiota ndevu na kunyoana kwa wembe wa kuchongea penseli, wasichana tunaazimana sweta ya kufunga kiunoni siku ikibidi, na huko juu bunduki zinalia. Mtu huzoea. Mwalimu alikuwa akisimama kidogo mlio ukipita, halafu anaendelea na ngeli.

Siku moja mtu akaja dirishani kumwambia Chemutai kwamba kaka yake amechukuliwa na haijulikani na nani. Alilia kwa lugha yake. Alilia kwa sauti, katikati ya kipindi, maneno ambayo sikuyaelewa, na diski ilikuwa mkononi mwangu. Darasa likanitazama. Mama, nakuambia ukweli, mkono wangu ulisogea. Sijui kama ningemvika, lakini ulisogea. Simiyu akainuka kutoka nyuma, akakichukua kile kibao mkononi mwangu, akajivika mwenyewe. Akasema, "Hii ni yangu reo." Akarudi kuketi nacho. Kibao hicho hakikuvaliwa na mtu mwingine tena, na sijui baadaye alikipeleka wapi.

Sasa nafika penyewe. Msomaji, usiharakishe.

Desemba ya kidato cha tatu uliniruhusu niende Krismasi kwa Shangazi kule Webuye. Kura zikapigwa, matokeo yakaja, na yaliyofuata unayajua: sisi Wakikuyu tukawa wa kuwindwa. Shangazi na watoto walikimbilia kituo cha polisi. Mimi nilikuwa nimetumwa dukani, nikakatiwa njia, nikajificha kwa mama mmoja muuza mboga, nyuma ya kiwanda cha karatasi. Huko nilikaa siku tatu. Simu yangu ilikuwa na chaji ya ujumbe mmoja. Watu wa kutumiwa walikuwa wengi, lakini simu yako ilikuwa imezimwa, kwa sababu ni saa hizo hizo duka letu lilikuwa linaungua. Nikamwandikia Simiyu.

Alikuja siku ya tatu kwa baiskeli ya mjomba wake, kutoka kwao Naitiri alikokwenda likizo. Alikuwa na leso ya dada yake na jina la dada yake. Aliniambia, kuanzia sasa wewe ni Nekesa, ulilelewa Kitale na ndiyo maana Kibukusu kimekupotea. Tukaondoka, mimi nimekaa kwenye keria na leso kichwani. Njiani watu walitupita wakiwa na magodoro kichwani, na hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Mbele ya Naitiri tulikuta magogo ya mikaratusi barabarani na vijana kama ishirini. Mmoja aliyevaa koti la mvua akamwuliza Simiyu kwa Kibukusu, naye akajibu vizuri. Akaniuliza mimi. Nilijua neno moja tu, la salamu, nikasema, "Mulembe." Akaniuliza tena, nikarudia lile lile. Akamwambia Simiyu, "Huyu dada yako ana neno moja tu?" Simiyu akamweleza habari ya Kitale, lakini jasho lilikuwa linamtoka, na wote waliliona.

Yule kijana akasema, "Basi aongee Kiswahili. Sisi tutasikia. Wewe, unatoka wapi, unaenda wapi?"

Mama, hapo kuna jambo ambalo wewe na mimi tunalijua. Watu wetu wengi wakiulizwa hivyo husema Mbungoma. Mtangazaji wa redio husema Bungoma. Mwenye kwao husema Pungoma. Na mimi, kiranja wa lugha, nilikuwa na ulimi wa mtangazaji wa redio, na huo pia ungeniua, kwa sababu hakuna msichana wa kijijini anayeongea hivyo. Nikaona lile daftari mbele ya macho yangu, kalamu nyekundu, safu kwa safu. Makosa yote niliyokuwa nimeyaandika. Nilikuwa nayajua kwa moyo kuliko Baba Yetu.

Nikasema, "Natoka Pungoma. Naenda Kitare kwa shangasi. Kari hakuna, ndio tumekuja na paiskeri."

Yule kijana alinitazama kidogo. Halafu akacheka, akasema, "Pita, dada." Mwingine akatusaidia kuinua baiskeli juu ya magogo.

Tukaendelea mpaka tukafika mbali. Kisha Simiyu akasema, bila kugeuka, "Paiskeri umezidisha. Mimi husema paiskeli." Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia sikuweza kunyamaza, naye akaendelea tu kuendesha.

Aliniacha kwenye kona kabla ya kanisa mlilokuwa mmekimbilia, kwa sababu yeye naye hapo Kitale hakuwa salama, na alitaka kurudi kabla giza halijaingia. Nikaingia peke yangu. Ulinishika uso kwa mikono miwili ukaniuliza, "Umerara wapi, mwana wakwa?" Umerara. Nilisikia sauti yake ndani ya sauti yako. Nyinyi wawili mna kosa moja, Mama, na siku hiyo lilikuwa kosa tamu kuliko neno lolote sahihi nililowahi kulisikia.

Nilitaka kukuambia papo hapo. Lakini ulikuwa umepata habari ya duka asubuhi ile, na ukasema mbele ya watu wote kwamba mtu wa upande ule hatakanyaga tena mlango wako maadamu unapumua. Sikukulaumu, hata leo sikulaumu. Duka lile ulilijenga kutoka kwa meza ya nyanya. Lakini niliogopa, nikasema gari la kanisa ndilo lililonileta. Baada ya hapo uongo ukaota mizizi. Kila mgeni akija ulimsimulia habari ya gari la kanisa, ukamshukuru Mungu na dereva, na mimi nikaketi hapo nikiitikia kwa kichwa.

Na kuna baya zaidi. Wiki mbili baadaye kijana alikuja pale kwenye mahema ya wakimbizi tulikohamishiwa, na sanduku langu la shule, lile la bati, amelifunga kwenye keria. Alilifuata Webuye. Ulimwuliza jina la baba yake, akakutajia jina la Kibukusu. Alikuwa ameomba maji, na wewe si mtu wa kumnyima mtu maji, ukampa. Alipomaliza ukamwambia aweke sanduku chini aende. Halafu kikombe alichonywea ukakitupa kwenye pipa. Aliona. Mimi nilikuwa ndani ya hema, Mama, hatua nne kutoka hapo, naangalia kwenye tundu la zipu. Sikutoka. Yeye alipita barabara za hatari mara mbili kwa ajili yangu, na mimi sikuweza kutembea hatua nne.

Tuliporudi shuleni kidato cha nne tulikuwa thelathini na mmoja. Chemutai alirudi. Simiyu alirudi. Nilimwomba radhi nyuma ya maktaba, akasema maji yalikuwa mazuri na kikombe hakikuwa chake. Darasa zima lilijua habari ya magogo. Ni wewe peke yako hukujua. Siku ya kwanza Mwalimu Barasa aliita majina, akakuta mapengo, akashindwa kuendelea. Ili kuvunja kimya akauliza swali la mtoto wa chekechea, makao makuu ya wilaya ya jirani ni wapi. Darasa zima tukajibu kwa sauti moja, "Pungoma." Hata wale Waturkana wawili. Mwalimu hakutusahihisha. Aliweka chaki chini, na kutoka siku hiyo hakuna aliyechekwa ulimi wake katika darasa lile.

Ndiyo hayo, Mama. Sijakuandikia ili ukasirike na nafsi yako. Aliyekosa ni mimi niliyenyamaza. Wala usianze kuwaza mbuzi. Hakuna anayeposa hapa. Ninachoomba ni kimoja, nacho kiko ndani ya uwezo wako leo hii.

Nisalimie Mjomba mwenye ng'ombe. Nisalimie Shangazi wa Webuye ukimpigia, mwambie leso yake ya Krismasi bado ninayo. Mama Zaituni aliyetupa chumba wakati wengine wanaogopa kutupa hata salamu, mwambie namwombea. Kamau akifunga shule mwambie nataka kuona ripoti, asiseme imenyeshewa. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisani pia, mwambie ile sweta alinifumia kubwa, lakini huku imekuwa mto wa kulalia.

Sasa, kijana wa lori. Hukumwuliza jina, nakujua. Ulimwona utingo mwenye vumbi ukamwashiria kiti. Alipokuja mara ya kwanza hakuwa na ndevu, na hukumtazama usoni. Mwangalie sasa, Mama. Mwezi uliopita lori lao lilileta unga hapa hotelini, nikasikia mtu getini anamwambia mlinzi, "Rakini mimi natafuta tu kivuri." Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Hakuwa anajua kwamba niko Juba. Nilipomwomba alete barua alikataa mara mbili. Alisema kikombe kimoja kinatosha. Nilimwambia mimi ndiye nitakayesema, yeye ni kusoma tu, na bahasha nikaifunga ili asijue ndani kuna nini.

Kwa hiyo kama umesikia "rakini" tangu mwanzo wa barua hii, mimi niliandika vizuri. Usimsahihishe. Ni ulimi huo ulioniokoa, na ni wako pia. Kwenye kabati kuna kile kikombe chenye maua unachowawekea wageni wa kanisa. Naomba anywee hicho, na akimaliza, kioshe ukirudishe mahali pake.

Na wewe, Simiyu, umefika mwisho, asante. Usiinuke. Usitafute mlango. Kunja karatasi, uweke mezani, unyamaze, umwache Mama aseme.

Ni mimi mtoto wako,
Nyambura, aliyekuwa Nekesa siku moja.